Ufunguo Adimu Unataka Hesabu

Kwenye Escape from Tarkov unaingia ramani, unaokota mali, unatoka hai. Ukifa, karibu kila ulichobeba kimekwenda. Sasa wana wengi wakipata ufunguo adimu, mbio mlangoni. Mimi nasema tulia, piga hesabu kwanza.

Chukua chumba 314, ghorofa ya juu kabisa ya mabweni kwenye ramani ya Customs. Ufunguo wake una idadi maalumu ya matumizi. Ukifungua tu, moja limeondoka, hata ndani ukute makorokoro. Tuseme umeununua kwa ruble 3,000,000 na una matumizi 10: kila ukifungua umeshatumia 300,000 kabla hujagusa kitu.

Kwa hiyo nina masharti matatu. Kwanza, ufunguo unakaa kwenye kontena salama, maana ukifa vilivyomo humo unabaki navyo. Pili, nasikiliza kabla ya kufungua. Pale mabweni wakati mwingine yupo Reshala na walinzi wake, na wachezaji wengine nao wanakijua hicho chumba. Nikisikia nyayo, naahirisha. Usipofungua, hujapoteza tumizi. Tatu, naingia na begi lenye nafasi, na njia ya kutokea nimeshaichagua.

Mali ya chumbani si yako mpaka utoke nayo. Ni kama bumu, ndugu zangu: kuingia kwenye akaunti si kazi, kazi ni kufika nalo mwisho wa semesta.