Leseni Moja Haitoshi Kompyuta Kumi

Kompyuta si kitu kigeni tena katika Mkoa wetu wa Tanga. Toka Mkinga mpakani hadi Pangani, na toka bandarini hadi milima ya Lushoto, zimo katika ofisi za Serikali, shule za sekondari, vyama vya ushirika na vibanda vya kupigia chapa. Safari ya kufika hapa imekuwa ndefu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hayo hayakuondolewa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Umma wetu, basi, umeishika mashine hii kwa wingi katika kipindi cha miaka thelathini hivi tu. Si ajabu kwamba tumejifunza kuitumia kabla ya kujifunza masharti yake.

Moja ya masharti hayo ni leseni ya mfumo endeshi. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoiamsha mashine, inayozitawala programu nyingine zote, na ambayo bila yake kompyuta ni sanduku tupu. Inayojulikana zaidi kwetu ni Windows, mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: shule au ofisi ikiwa imenunua Windows moja, je, inayo ruhusa ya kuiweka katika kompyuta zake zote kumi? Jibu ni kwamba haina. Lakini katazo lisiloelezwa sababu yake halimfundishi mtu. Kwa hiyo tunaona yafaa tulifafanue jambo hili.

Watu wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali ili kulielewa. Katika mila zetu za tangu zamani, ardhi ni kitu kimoja na minazi iliyo juu yake ni kitu kingine. Mtu aliweza kumiliki minazi katika ardhi ya mwenzake, na aliyeinunua minazi ile hakudai kwamba ameinunua na ardhi. Kadhalika, tuliosoma chuoni tulifundishwa kutofautisha mauzo na ijara: mauzo huhamisha kitu chenyewe, ijara huhamisha manufaa yake tu, tena kwa masharti yaliyokubaliwa. Anayenunua kompyuta amenunua mashine. Programu iliyomo ndani hakuinunua. Amepewa ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ndiyo iitwayo leseni.

Linalowachanganya wengi ni wepesi wa kunakili. Sisi ni watu wa mkonge, na mkonge ulitufundisha kinyume chake. Mwaka 1893 Mjerumani Dokta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yakaenea mashamba ambayo, ilipofika miaka ya 1960, yaliifanya nchi yetu iongoze duniani kwa mkonge. Aliyekuwa na mche mmoja alikuwa na haki ya kuuzalisha mpaka ukawa elfu. Programu nayo huzaliana, tena kwa dakika chache na bila jasho. Lakini leseni haizaliani pamoja nayo. Nakala kumi zinahitaji ruhusa kumi, hata kama zote zimetoka katika diski moja.

Leseni za Windows ziko za namna tatu kubwa. Ya kwanza ni ile inayokuja na mashine kutoka kiwandani. Hiyo hufa na mashine yake. Hairuhusiwi kuhamishiwa mashine nyingine. Katika kompyuta za zamani ufunguo wake ulichapwa katika karatasi iliyobandikwa ubavuni au chini ya mashine. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, viwanda vikubwa huuhifadhi ndani ya mashine yenyewe. Ya pili ni ile inayonunuliwa peke yake dukani. Hiyo yaweza kuhamishwa toka mashine hii hadi ile, kwa sharti kwamba mashine ya kwanza imeondolewa programu hiyo; haitumiki mahali pawili kwa wakati mmoja. Ya tatu ni leseni ya jumla, inayouzwa kwa shule, mashirika na idara zenye mashine nyingi. Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: leseni ya jumla ya Windows kwa kompyuta za mezani ni ya kupandisha daraja tu. Kila mashine lazima iwe na leseni yake ya msingi kwanza.

Kuhakikisha kwamba masharti haya yanafuatwa, kampuni hiyo ilianzisha utaratibu wa kuamilisha katika Windows XP ya mwaka 2001. Mtumiaji huingiza ufunguo wenye herufi na tarakimu 25, zilizopangwa tano tano. Mashine hutuma ufunguo huo, pamoja na muhtasari wa alama za vifaa vilivyomo ndani yake, kwa njia ya intaneti. Zamani wengine waliweza kufanya hivyo kwa simu. Ufunguo ukikubaliwa, hufungamanishwa na mashine ile. Ndiyo maana fundi akifuta kila kitu na kuweka Windows ile ile upya, mashine hutambuliwa bila matata. Lakini akibadilisha ubao mkuu wa ndani, yaweza kuonekana kama mashine ngeni, na ruhusa ikakataliwa.

Kwa leseni ya jumla zipo njia mbili. Njia ya kwanza ni ufunguo mmoja uliowekewa hesabu ya mara unazoweza kutumika. Kila mashine inayoamilishwa hupunguza hesabu hiyo. Njia ya pili ni kuweka seva katika ofisi yenyewe, na kompyuta zote zikaitambulisha kwayo. Seva hiyo haianzi kazi mpaka kompyuta zisizopungua 25 zimejiandikisha, na ruhusa inayotoa hudumu siku 180 tu. Kompyuta hujaribu kuihuisha kila baada ya siku saba. Ikikaa mbali na seva kupita muda ule, ruhusa huisha.

Tuchukue, basi, mfano wa shule yenye kompyuta kumi. Njia ya seva haiifai, kwa kuwa haifikii hesabu ya 25. Ikiwa mashine zote zilikuja na leseni za kiwandani, shule haina haja ya kununua kitu. Inatakiwa kuzitunza leseni hizo na kurudisha toleo lile lile pindi mashine inapoharibika. Ikiwa sita zinazo na nne hazina, pengo ni nne, wala si kumi. Hesabu hii ni rahisi, lakini haiwezi kufanywa na mtu asiyejua alicho nacho. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa kukosa daftari, watu huangukia kwa fundi wa njia ya mkato. Fundi huyo huweka programu ya kuvunjia kufuli, ambayo mara nyingi hujifanya kuwa ile seva ya ofisi tuliyoieleza, ikaidanganya mashine kwamba imeruhusiwa. Mteja hufurahi. Lakini ili programu hiyo ifanye kazi, mara nyingi huambiwa azime kwanza kinga ya virusi, yaani amfungulie mgeni asiyemjua mlango wa nyumba. Zimepatikana programu za namna hii zilizobeba ndani yake wizi wa nywila. Mashine inayotunza alama za mitihani ya watoto wetu, au hesabu za wakulima wa mkonge, haistahili kukabidhiwa mikono hiyo.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu vya waandishi wetu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa pia uvunjaji wa haki hizo. Mwalimu Mkuu hawezi kumfundisha mwanafunzi kwamba kunakili mtihani ni wizi, huku maabara yake ya kompyuta imesimama juu ya nakala za wizi.

Wapo watakaosema: kampuni ile ni tajiri, nasi ni wanyonge, tunamdhulumu nani? Hoja hii ina uzito, na hatupendi kuipuuza. Ni kweli kwamba bei ya leseni hupangwa kwa soko la matajiri, na kwamba shule ya kata inaweza kuona leseni kumi ni mlima. Lakini mnyonge anayetegemea kitu cha kuiba hajajikomboa, amezidi kufungwa. Hana wa kumlalamikia mashine ikiharibika, na kila toleo jipya likitoka humtafuta fundi yule yule. Tukumbuke kwamba Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani, zikiwemo za misaada, hazikidhi masharti ya Windows 11. Mwezi Mei mwaka 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili katika nchi zaidi ya 150, kikipenya katika mashine ambazo hazikuwekewa marekebisho yaliyokwisha kutolewa miezi miwili kabla. Mashine isiyohudumiwa ni hatari kwa mwenyewe na kwa jirani yake.

Njia ya halali kwa asiye na fedha ipo, nayo inalingana na siasa ya kujitegemea. Pwani yetu inaujua wakfu: kisima au shamba lililotolewa kwa manufaa ya watu, ambalo hapana awezaye kuliuza wala kuligeuza mali yake. Programu huria zinafanana na wakfu. Leseni yake haimzuii mtu kunakili. Inampa ruhusa ya kunakili, kuchunguza na kurekebisha, na mara nyingi humtaka naye asiwanyime wengine. Mfumo wa Linux ulianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, na Ubuntu, toleo lake lililoasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, lina jina ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa, maana kwetu ni utu. Mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Wataalamu wetu walikwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Katika mfumo kama huo, nakala kumi ni halali, na nakala elfu ni halali.

Kwa hiyo tunashauri kila shule, ofisi na chama cha ushirika kifungue daftari la kompyuta. Liandikwe jina la kila mashine, namba yake, aina ya leseni, ufunguo wake na stakabadhi ya ununuzi. Na karatasi za ubavuni zinakiliwe kabla hazijafutika. Mashine za msaada zisipokewe bila kuuliza leseni yake iko wapi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya tusitegemee misaada pasipo kufikiri, na onyo hilo halijachakaa. Halmashauri zinaponunua kompyuta mpya, leseni iwe ndani ya bei tangu mwanzo. Pale fedha zisipotosha, walimu wafundishwe mifumo huria, wasiachwe waende kwa fundi wa mkato.

Kazi ya kuhesabu haihitaji mgeni wala mkopo. Inahitaji daftari, kalamu na mtu mwaminifu wa kuishika, na watu hao Tanga inao.