Mtandao wa ofisi ukilemewa na video: kufunga programu moja bila kuzima zote

Mwisho wa mwezi, biro ya zone ya afya inapaswa kuingiza ripoti za vituo vyake katika DHIS2, programu ambayo wizara ya afya inatumia kukusanya hesabu za wagonjwa. Lakini mtandao ni mmoja. Simu za wafanyakazi zikivuta video za TikTok, na kompyuta zikijisasisha zenyewe, ripoti inabaki njiani na mega zinaisha.

Wakubwa wengi wa kazi wanaona dawa ni moja: kufunga. Kufunga nini, na namna gani, ndipo penye shida.

Ukuta wa ulinzi wa mtandao, ambao mafundi wa Congo wanauita «pare-feu», zamani ulitazama hasa anwani na namba ya mlango. Leo banki, barua pepe na video vinapita mlango uleule, namba 443. Ukiufunga, umefunga karibu kila kitu.

Mwaka 2007, kampuni ya Marekani Palo Alto Networks ilileta mashini inayotambua programu yenyewe, na wengine wakafuata. Hata mazungumzo yakiwa yamefichwa, ukuta huo unasoma jina la tovuti ambalo simu inalitaja inapoanza kuunganishwa, na unatazama namna data zinavyofuatana. Ni kama mtu wa bariyeri anayetambua gari bila kufungua mizigo.

Si lazima kununua mashini ya bei kali. OPNsense na pfSense zinapatikana bure, na kwa ofisi ndogo kompyuta ya zamani yenye nafasi mbili za kebo inaweza kutosha. Ya kwanza inaongezewa Zenarmor, ya pili Snort, ili zitambue programu.

Kazi nzuri inaanza kwa kutazama tu, hata wiki moja, ili kujua nani anakula mega. Kisha sheria zinapangwa. Mara nyingi zinasomwa toka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inaamua. Kwa hiyo DHIS2 na barua pepe zinaruhusiwa juu kabisa, torrent inafungwa, video zinapunguzwa saa za kazi, na kujisasisha kunaachwa usiku.

Wajanja watatumia VPN. Nayo inaweza kutambuliwa, lakini si kila mara.

Wakongomani wanajua uchungu wa kufungiwa. Mwezi wa 8 mwaka 2017, serikali iliagiza makampuni ya simu yapunguze uwezo wa kutuma picha kwenye mitandao ya kijamii. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa karibu siku 20. Huku mashariki, ujumbe wa WhatsApp ndio unaoonya familia kwamba njia si salama. Mkubwa wa kazi anayeweka sheria afazali awaambie wafanyakazi kinachofungwa na sababu yake, na aache ujumbe upite.