Beni-Butembo: Soya mbichi hudumaza nguruwe

Huko Butembo na Beni, Kivu Kaskazini, nguruwe ni akiba ya familia: akiuzwa, minervali ya watoto inalipwa. Lakini chakula chake kinazidi kuwa tatizo. Tangu mwaka 2014, mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewafukuza wakulima wengi kwenye mashamba yao wilayani Beni.

Nguruwe anayekua anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18 hivi. Mihogo, ndizi na majani ya viazi vitamu peke yake havitoshi. Soya hujaza pengo hilo, ila lazima ikaangwe au ichemshwe, kwani ikiwa mbichi huzuia tumbo kusaga protini. Mihogo michungu nayo ina sumu. Hulowekwa na kukaushwa kwanza. Chumvi kidogo na unga wa mifupa iliyochomwa huongeza madini.

Mabaki ya jikoni na mikahawa yachemshwe vizuri, maana yanaweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huo hauna dawa, na unaweza kumaliza zizi zima kwa siku chache, pamoja na minervali ya mwaka.