Umehamia Kijiji Kipya? Shika Jembe



"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii tunaijua sote. Mara nyingi tunaitumia kumcheka mgeni mvivu, anayekula na kulala tu. Lakini hebu tuitazame tena. Mtu akipewa jembe, maana yake nini? Maana yake si mgeni tena. Sasa ni mtu wa hapo. Ana shamba la kulima, na ana watu wa kulima nao.

Katika nchi yetu watu wengi wanahama. Mwanamke anaolewa mbali na kwao. Mkulima anatafuta ardhi yenye rutuba. Mfugaji anatafuta maji na malisho. Wengi wametoka Mwanza na Shinyanga wakafika mpaka Morogoro, Rukwa, Katavi na Lindi. Mwalimu, muuguzi na bwana shamba wanapewa uhamisho. Wote hawa wana swali moja moyoni: Je, watu wa huku watanipokea?

KUHAMA MWILI NA KUHAMA MOYO

Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1973 hadi 1976. Wakati ule wananchi wengi wa Tanzania walihamishiwa katika vijiji. Wengine walikwenda kwa hiari. Wengine walilazimishwa, na nyumba zao za zamani zikabomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi. Mtu aliamka asubuhi akaona jirani yake ni mtu asiyemjua kabisa.

Baadaye wako waliorudi kwenye mahame yao. Wako pia waliobaki, na leo wajukuu zao hawajui kwao kwingine. Hapo tunajifunza jambo. Lori linaweza kuhamisha watu na vyombo vyao kwa siku moja. Lakini moyo hauhami kwa lori. Moyo unahama polepole, kwa miguu.

KOSA LETU SISI WENYEWE

Sisi tunaowaandikia si malaika. Tunafundisha watu wazima, na kazi yetu ni ya kuhamahama. Mwaka mmoja tulipewa uhamisho, tukaenda kijiji kimoja mbali na kwetu. Tulipanga nyumba, tukafunga mlango. Asubuhi tulikwenda kazini. Jioni tulirudi, tukawasha redio. Hatukumkosea mtu. Hatukudaiwa chumvi wala kiberiti na mtu yeyote. Tena tulijisifu kwa jambo hilo!

Mwezi wa nne palitokea msiba ng'ambo ya njia. Mzee mmoja alifiwa na dada yake. Tulitia pesa katika bahasha, tukamtuma kijana azipeleke. Sisi tukabaki nyumbani. Tulidhani tumemaliza wajibu.

Mvua zilipoanza, usiku mmoja mtoto wetu alipata homa kali, akashikwa na degedege. Degedege haingoji asubuhi. Mtoto apelekwe zahanati upesi. Lakini zahanati ilikuwa mbali, na sisi hatukuwa na baiskeli. Tulisimama uani, tukaulizana: Tumgongee nani? Lo! Usiku ule tuliona hasara ya kutodaiwa chumvi.

Basi tukaenda kugonga kwa yule yule mzee. Hakuuliza neno. Alimwamsha mwanawe, akatoa baiskeli, naye mwenyewe akatangulia na taa. Mtoto alipona.

Kesho yake tulikwenda kushukuru.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mtoto anaendeleaje?"

Tukamwambia hajambo. Tukamwambia pia kwamba tunaona aibu, maana yeye alipofiwa hatukufika. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, pesa yako tuliiona. Wewe hatukukuona."

Neno lile hatujalisahau mpaka leo. Bahasha haiwezi kukaa jamvini na mfiwa. Watu walitaka kutuona sisi.

MAMBO YA KUFANYA

1. Jitambulishe mapema. Kabla ya kuhama, omba barua ya utambulisho kwa serikali ya kijiji unachotoka. Ukifika, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji wa kijiji. Usingoje watu waulizane, "Yule ni nani?" Kuku akipotea, mtu asiyejulikana ndiye wa kwanza kushukiwa.

2. Jifunze salamu za hapo. Kwa Wasukuma asubuhi utasikia "Mwangaluka". Kwa Wahehe utasikia "Kamwene". Kwa Wagogo utasikia "Mbukwenyi". Jaribu kusema. Watu watacheka ulimi wako, nawe cheka nao. Uliza pia habari za utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, lakini leo ni watani. Kama watu waliorushiana mikuki waliweza kugeuka watani, wewe uliyekuja na jembe na watoto utashindwaje?

3. Fika kwenye shughuli, na msiba uwe wa kwanza. Harusi ina kadi, msiba hauna kadi. Usingoje kualikwa. Wanaume wanachimba kaburi, nawe pokea koleo. Wanawake wanachota maji na kupika, nawe beba ndoo. Kama hujui desturi yao, uliza kwa upole: "Hapa kwenu mnafanyaje?" Hakuna atakayekasirika. Kama kuna kikundi cha kufa na kuzikana, uliza masharti yake ujiunge.

4. Omba, usiwe mtu wa kutoa tu. Hapa wengi wanashangaa. Wanadhani mgeni mzuri ni yule asiyesumbua mtu. Sivyo. Asiyeomba kitu anaonekana anajivuna, hata kama ana haya tu. Basi azima ungo. Uliza mbegu gani inafaa udongo wa pale, na mvua huanza lini. Mwenyeji akiulizwa anajua kwamba unamheshimu. Na siku ya kurudisha ungo, usiurudishe mtupu. Tia hata mboga kidogo. Hivyo ndivyo njia kati ya nyumba mbili inavyofunguka.

5. Punguza neno "kwetu". "Kwetu maji ni matamu. Kwetu tunalima kwa matuta. Kwetu mambo haya hayapo." Mwenyeji akisikia hivyo kila siku, atasema moyoni, "Kama kwenu ni kuzuri, mbona umekuja?" Ukijua jambo jema la kilimo, lifanye shambani kwako. Wakiliona limezaa, watakuuliza wenyewe.

6. Hudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuingia. Tena jambo hili lina faida kubwa kwa mtu anayetaka shamba. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi mpaka mkutano mkuu ukubali. Watakaokubali ni akina nani? Ni wale wale uliochimba nao kaburi. Usinunue shamba kwa siri kwa mtu mmoja, usiku. Ugomvi mwingi wa ardhi umeanzia hapo.

Nawe uliyehitimu kisomo, una kitu cha kuwapa watu. Soma matangazo ya kijiji, uwasomee wengine. Kikundi kikikosa katibu wa kuandika majina na michango, jitolee. Daftari la kikundi ni jembe pia.

NA MWENYEJI AFANYE NINI?

Kazi hii si ya mgeni peke yake. Wewe mwenyeji, mwonyeshe kisima kipi hakikauki na njia ipi hujaa maji masika. Mwambie desturi kabla hajakosea, usingoje akosee umcheke. Mke mpya akiletwa, mama mkwe na mawifi wakumbuke kwamba ameacha mama yake na dada zake wote kwa siku moja. Na neno "mtu wa kuja" tuliache. Mtu amekaa miaka ishirini, amezaa hapo, amezika hapo, bado ni mtu wa kuja tu?

FURAHA ITAKUJA LINI?

Haitakuja wiki ya kwanza. Msimu wa kwanza ni wa upweke, na upweke huo si ugonjwa wala si laana. Pigia simu ndugu zako, waandikie ujumbe kwa mkono wako mwenyewe. Lakini usikae na simu mchana kutwa, ukaacha kutoka nje.

Tena tuseme kweli: si wote watakaokupenda. Hata kule ulikotoka hawakukupenda wote. Huna lazima ya kuacha dini yako wala mila zako njema ili upendwe. Anza na jirani mmoja. Huyo mmoja atakupeleka kwa wa pili.

Halafu jioni moja mtoto wa jirani atakuja mbio mlangoni kwako na kikombe mkononi: "Mama anasema umpe chumvi." Mpe, na umshukuru Mungu. Siku hiyo ujue umepewa jembe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kitongoji chetu, nani amehamia mwaka huu? Je, tumekwisha kumtembelea?
2. Yule mzee alikuwa na maana gani aliposema, "Pesa yako tuliiona, wewe hatukukuona"?
3. Taja desturi moja ya hapa ambayo mgeni hawezi kuijua mpaka aambiwe. Nani atamwambia?