Kuongeza Nguvu za Moteri Ndogo Mlimani



Watu wa Minembwe wenye pikipiki za zamani huuliza neno moja: «Moteri hii kule Baraka ilivuta vizuri. Hapa juu imekuwa kama mtu aliyetoka katika homa. Nifanye nini ipate nguvu?» Wengine hawangoji jibu. Hufungua moteri, hushika tupa na kukwangua chuma. Wengine hukata bomba la moshi, wakidhani kelele ni nguvu. Halafu pistoni hukwama, na mali iliyonunuliwa kwa ng'ombe hulala chini ya ukuta wa nyumba, kuku wakitaga ndani yake. Soma maneno haya kwanza, ndipo ushike ufunguo.

Moteri hii inafanya kazi namna gani

Tunasema habari za moteri ya mipigo miwili. Pikipiki ya Yamaha AG 100 ni ya namna hiyo, na moteri nyingi za zamani za mitumbwi ziwani pia. Pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, kazi imetimia na moto umewaka.

Haina vali za kufungua na kufunga juu ya silinda. Ina madirisha katika ukuta wa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo mlango wake. Pistoni ikipanda, hewa na esansi huvutwa chini yake. Ikishuka, husukuma hewa hiyo ipite madirisha ya kando mpaka juu, nao moshi wa zamani hutoka kwa dirisha la moshi. Mwingereza Joseph Day, wa mji wa Bath, alitengeneza moteri ya namna hiyo karibu mwaka 1890.

Kwa kuwa esansi hupita chini ya pistoni, hapo hapawezi kuwekwa mafuta mengi ya kulainisha. Mafuta huja pamoja na esansi. Ukumbuke neno hili, maana tutalirudia.

Nguvu imekwenda wapi?

Moteri haili esansi peke yake, inakula na hewa. Maji ya Ziwa Tanganyika yako kwenye metre 773 hivi juu ya bahari. Minembwe iko juu ya metre 2,000. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi. Kila metre 1,000 moteri hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Kwa hiyo hata pikipiki mpya, ikitoka Baraka kufika Minembwe, itapoteza zaidi ya sehemu moja katika kumi. Tupa haiwezi kuirudishia hewa hiyo.

Lakini uko udhaifu wa pili. Hewa imepungua, ila tundu la kupitisha esansi katika kabureta halikupungua. Sasa esansi imezidi. Moteri hutoa moshi mwingi, bujii hulowa, na nguvu hupungua tena. Udhaifu huu wa pili una dawa.

Kwanza: rudisha nguvu iliyopotea

Moteri ya zamani mara nyingi imezibwa tu. Fanya hivi:

1. Ondoa bomba la moshi. Tazama dirisha la moshi. Ukiona masizi magumu, zungusha moteri polepole mpaka pistoni ifunge dirisha, masizi yasianguke ndani. Kwangua kwa kijiti kigumu, si kwa bisibisi. Safisha na bomba vilevile.

2. Osha sponji ya kuchujia hewa kwa maji na sabuni. Ikauke kabisa, kisha uilainishe kwa mafuta kidogo. Usiendeshe bila sponji. Vumbi la njia zetu ni kama jiwe la kusagia.

3. Tazama mipira inayozuia hewa kwenye ncha mbili za mhimili wa moteri. Ikichakaa, hewa ya wizi huingia. Dalili yake ni hii: umeachilia mkono wa esansi, lakini moteri yaendelea kuzunguka kwa haraka na haitulii.

Watu wengi wakimaliza kazi hizi tatu hawaulizi tena habari za tupa.

Pili: jikleri

Jikleri ni msumari mdogo wa shaba wenye tundu, ndani ya kabureta. Esansi hupita humo. Namba yake imeandikwa juu yake. Mlimani yafaa jikleri yenye tundu dogo kidogo, ili esansi ilingane na hewa.

Bujii itakuambia ukweli. Panda mlima umefungua esansi yote, kisha zima moteri mara moja, uitoe bujii na kuitazama. Ikiwa nyeusi na kulowa, esansi imezidi. Ikiwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa kidogo, ni vizuri. Ikiwa nyeupe, simama hapo hapo: esansi ni chache mno, moto umekuwa mkali, na pistoni inaweza kuyeyuka.

Shusha namba moja moja, ujaribu kila mara. Usiongeze tundu la jikleri kwa sindano wala kwa waya, maana hutajua tena kipimo chake. Jikleri ya kwanza usiitupe. Ifunge katika kitambaa, uiweke pamoja na funguo zako.

Mimi mwenyewe nilikosa hapa. Niliweka jikleri ndogo, pikipiki ikapanda vizuri, nami nikajiona fundi. Siku ya soko nilishuka nayo nikiwa na mzigo wa maharagwe, wala sikubadili kitu. Karibu na ziwa, mahali pa tambarare, nilifungua esansi yote. Kule chini hewa ni nzito, jikleri yangu ilikuwa ya mlimani. Moteri ililia kwa sauti nyembamba, kisha gurudumu la nyuma likasimama ghafula. Nilianguka, lakini sikuvunjika. Maharagwe yalifika siku ya pili kichwani mwa watu, soko limekwisha, nayo malipo ya wachukuzi yalimaliza faida. Pistoni ilikuwa imekwaruzika upande wote wa dirisha la moshi.

Kwa hiyo shika neno hili: jikleri ya Minembwe isishuke Baraka. Kabla ya kushuka, au ukisimama njiani kupumzika, rudisha jikleri kubwa. Ni kazi ya nusu saa. Nawe ukipanda, badili tena. Ukisahau, utapoteza esansi kidogo tu. Lakini ukisahau wakati wa kushuka, utapoteza moteri.

Tatu: badili meno, usibadili moteri

Mtu wa mlimani hataki mbio, anataka kuvuta mzigo. Basi tazama gurudumu dogo la meno lililo mbele ya mnyororo. Likiwa na meno 14, ukiweka la meno 13, nguvu ya kuvuta huongezeka kwa sehemu moja ya 13. Mbio zitapungua kidogo. Moteri haikuguswa, na usipopenda unaweza kurudisha lile la kwanza. Mwenye mtumbwi afanye vivyo kwa panga za moteri: zenye mlalo mdogo huvuta mzigo vizuri zaidi, lakini asiache moteri izunguke kupita kipimo chake.

Nne: tupa na bomba

Sasa tuje kwa wale wanaotaka kukwangua. Sisemi kwamba haiongezi nguvu. Mjerumani Walter Kaaden, aliyekuwa akitengeneza pikipiki za mashindano za MZ katika Ujerumani ya Mashariki, mwaka 1961 alipata nguvu za farasi 25 katika moteri ndogo ya cc 125. Alitazama sana madirisha ya silinda na umbo la bomba la moshi. Moteri yake ilitoa nguvu hizo ikizunguka mara 10,800 kwa dakika.

Tazama namba hiyo. Dirisha la moshi likiinuliwa, nguvu huhamia katika mizunguko ya juu, na ile ya chini hupungua. Pikipiki ya mashindano haina gunia la viazi nyuma. Wewe unapanda polepole, mizunguko ni ya chini. Ukiinua dirisha, umetupa nguvu unayoihitaji na kununua nguvu usiyoweza kuitumia. Tena milimita iliyokwanguliwa hairudi.

Habari ya bomba ni hiyo hiyo. Moshi ukitoka kwa kishindo, wimbi lake hufika mwisho wa bomba na kurudi nyuma, likisukuma hewa mpya na esansi vibaki ndani ya silinda mpaka pistoni ifunge dirisha. Ukikata bomba, wimbi hilo halirudi kwa wakati wake. Esansi mbichi hutoka nje, na kelele huongezeka. Lita ya esansi haipandi mlima bure. Usiimwage kwa bomba lililokatwa.

Wengine hupunguza chuma katika kichwa cha silinda ili hewa ibanwe zaidi. Mlimani hewa ni nyepesi, basi moteri huvumilia. Ukishuka ziwani, hewa nzito hubanwa mno, moteri hugonga kama nyundo, na pistoni hutoboka. Kichwa hicho hakibadilishwi njiani kama jikleri.

Tano: mafuta, na mteremko

Fuata kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha moteri yako. Kikiwa moja kwa 25, kila lita ya esansi yataka mafuta cc 40. Kikiwa moja kwa 50, yataka cc 20. Tumia chupa yenye alama, usikisie kwa macho. Usipunguze mafuta kwa kutafuta nguvu. Wala usizidishe bila kufikiri: mafuta yakichukua nafasi ya esansi, ndani ya jikleri hupita esansi chache zaidi, na moteri hupata joto. AG 100 ina tanki yake ya mafuta na pampu ya kuyapeleka. Tazama tanki hiyo kila unapotia esansi.

Sasa kumbuka neno la kwanza: mafuta huja pamoja na esansi. Njia ya kushuka kutoka Minembwe ni ndefu. Mtu hufunga esansi na kuacha moteri izuie pikipiki. Magurudumu yanazungusha moteri kwa nguvu, lakini esansi imefungwa, basi na mafuta hayaji. Pistoni inakimbia kavu. Kwa hiyo, ukishuka, tumia breki, na kila baada ya muda mfupi fungua esansi kidogo, ili moteri ipate kulainika. Ukisikia sauti imebadilika kuwa nyembamba, kamata klachi mara moja, kabla gurudumu halijasimama.

Mambo ya kushika

Safisha kabla ya kukwangua. Badili jikleri kwa kutazama bujii. Badili meno kwa ajili ya mzigo. Acha bomba na madirisha kama yalivyotoka kiwandani. Rudisha jikleri kubwa kabla ya kushuka.

Mtu akikuambia kwamba atakuongezea nguvu kwa tupa, mwulize kwanza: «Na nikifika Baraka, itakuwaje?» Kama hana jibu, chukua funguo zako urudi nyumbani.