Kipimajoto cha Nyama

Kuku aweza kuiva vizuri kwa nje na bado akawa mbichi penye mfupa, na vijidudu vya salmonela haviogopi rangi ya ngozi. Hufa kwa joto. Kwa hiyo sisi wa somo la upishi hupima: kuku nyuzi 74 za Selsiasi, nyama ya kusaga 71.

Cha kioo sikipendi jikoni, maana huvunjika. Chenye uso kama wa saa hakihitaji betri, lakini kijiti chake chataka kuzama sentimeta 5 au zaidi. Kipande kikiwa chembamba, kichomeke ubavuni. Usiguse mfupa.

Kukijaribu, jaza bilauri barafu iliyopondwa, tia maji, koroga, kisha zamisha kijiti. Chapasa kuonyesha 0. Wengine hutumia maji yanayochemka, wakidai lazima yawe 100. Hiyo ni kweli pwani. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye 94 hivi, na anayekirekebisha kifike 100 hukiharibu. Kikikosea kwenye barafu, zungusha polepole nati iliyo nyuma ya uso.

Osha kijiti kwa sabuni na maji moto kila kinapotoka katika nyama mbichi. Kichwa usikizamishe majini.