Floraidi: Somo la Matembezi ya Momella

Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, askari wa wanyamapori huwaongoza wageni kwa miguu hadi kwenye maziwa ya Momella, ambako heroe hula mwani katika maji ya magadi. Maziwa hayo ni zao la Mlima Meru, uliobomoka ubavu wake wa mashariki zamani za kale. Miamba ya volkano hiyo ndiyo pia hutia floraidi katika chemchemi na visima vingi vya wanavijiji. Ikizidi sana miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia na mifupa huweza kupinda. Kuchemsha maji hakuiondoi. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ulioandaliwa ipasavyo, huipunguza. Basi kliniki imwulize kila mzazi: mwanao anakunywa maji ya wapi?